Fundi Nitarudi na Mwisho wa Reli

Wasikilizaji wapendwa, leo kabla ya salamu nina ombi. Kama hapo ulipo pana geti la kusukuma, lile linalotembea juu ya reli, na kama kuna mtoto anacheza karibu nalo, muite ndani. Usimgombeze. Muite tu, mpe kazi yoyote, akukunie hata mgongo. Sababu utaijua kabla hatujaagana.

Ameingia? Haya, sasa tukae tuzungumze.

Leo tunamkumbuka fundi wa kuchomelea vyuma. Ukitaja jina lake la kuzaliwa pale mtaani kwake, watu watakukodolea macho: nani huyo? Ukisema Fundi Nitarudi, hata kipofu atakuonyesha njia. Karakana yake iko nyuma ya kituo cha mafuta, uzio wa mabati, vyuma chakavu vimeegeshwa ukutani, na harufu ya rangi nyekundu ya kuzuia kutu inakupokea kabla hujabisha hodi. Ameacha mjane, na ameacha binti mmoja ambaye naye ni mchomeleaji.

Kwa nini Nitarudi? Wasikilizaji wapendwa, nyinyi mnawajua mafundi. Fundi hakosi sababu. Leo msiba, kesho mashine imeungua, keshokutwa umeme umekatika. Huyu wetu hakuwa mtu wa visingizio. Yeye alikuwa na neno moja tu. Alikuwa akifunga vifaa vyake, anatabasamu, anasema: "Nitarudi." Na alisema kwa moyo mweupe kabisa, kwa hiyo watu walimsamehe.

Mkewe nilimkaribisha studio. Alicheka kwanza, ndipo akalia. Alisema: "Mimi alinipata hivyo hivyo. Alikuja nyumbani kutengeneza dirisha la mama. Akafunga upande mmoja, akasema nitarudi. Aliporudi, hakuja na nyundo, alikuja na wajomba zake kuniposa. Dirisha la mama mpaka leo lina upande mmoja."

Sifa yake kubwa ilikuwa mageti. Mikono yake ilikuwa na baraka kwa chuma. Kila geti alilolitengeneza alilitia alama yake: jani moja dogo la chuma, pembeni juu ya mpini. Hakuandika jina wala namba ya simu. Ni jani tu. Likumbukeni jani hilo, wasikilizaji wapendwa, maana nitalirudia.

Sasa nieleze jambo la ufundi, na nitalieleza pole pole ili hata asiyejua chuma anielewe. Geti la kusukuma lina magurudumu chini, yanatembea juu ya reli. Juu, linashikwa na vishikio viwili vilivyo kwenye nguzo, ndivyo vinavyolifanya lisimame wima. Likisukumwa mno likavipita vile vishikio, hakuna kinachobaki kulishika. Linalala. Na chuma kile watu wazima wanne hawakiinui bila kupumzika. Ndiyo maana mwisho wa reli huwekwa kizuizi, kipande cha chuma kisichozidi kiganja. Geti likifika hapo linagonga, linasimama. Bila kizuizi, geti linaanguka.

Mafundi wana utaratibu wao. Geti linasimamishwa kwanza, halafu fundi wa saruji anamwaga sakafu na kuziba kingo za reli. Kizuizi cha mwisho kinachomelewa sakafu ikishakauka, ili kisifukiwe. Kwa hiyo Fundi Nitarudi alikuwa akisimamisha geti, analisukuma mara moja mwenye nyumba alione linavyoteleza, watu wanapiga makofi. Kisha anasema: "Sakafu ikikauka nitarudi kumalizia." Sakafu inakauka. Kazi nyingine inaingia. Mwenye nyumba naye hajui kwamba kuna kitu kimebaki, maana geti linafunguka na kufungwa, sasa kuna nini tena?

Mara nyingi alirudi. Nasema hili kwa haki yake, mara nyingi alirudi. Lakini si mara zote.

Na pale karakana, juu ya mlango, palikuwa na kibao alichokiandika kwa brashi yake mwenyewe: KAZI IKISHATOKA HAPA FUNDI HAHUSIKI. Msicheke. Vibao hivyo tunavyo kila mahali. Kwa dobi, nguo ikipotea hatuhusiki. Kwenye maegesho, gari likikwaruzwa hatuhusiki. Tunaviandika kwa herufi kubwa, tunalala usingizi. Fundi wetu aliamini kibao kile kama mtu anavyoamini kufuli.

Mpaka siku ya kiti cha bibi.

Aliitwa kwenye nyumba moja kurekebisha komeo. Geti ni lake, jani lake liko pale. Karibu na nguzo, kwenye kivuli cha ukuta, palikuwa na kiti cha plastiki cha buluu, na bibi wa nyumba hiyo alikuwa amekikalia, anachambua mchele kwenye ungo. Wakasalimiana. Bibi akamtania: "Wewe si ndiye Nitarudi? Leo umepotea njia?" Akacheka. Kisha bibi akainuka, akasema anakwenda ndani kutafuta miwani yake.

Fundi akamaliza komeo. Akataka kulijaribu. Akalisukuma geti kwa mkono wake mwenyewe, kama alivyozoea, kwa mbwembwe kidogo. Likateleza vizuri. Likafika mwisho wa reli. Halikugonga kitu.

Likavipita vishikio.

Alimwambia mkewe kwamba lilianza kulala taratibu sana, hata akadhani ana muda wa kulidaka. Hakuwa nao. Kishindo kile majirani walidhani ni lori limegonga ukuta. Na vumbi lilipotulia, kiti cha buluu kilikuwa kimekuwa bapa chini ya chuma, na mchele umetapakaa kila upande. Akasimama pale akiutazama mchele. Ndipo akasikia sauti kutoka ndani: "Mwanangu, hiyo miwani umeiona huko nje?"

Miwani ilikuwa kichwani kwa bibi muda wote.

Mwenye nyumba, mtoto wa yule bibi, alitoka akaona kiti. Hakupiga kelele. Alisema maneno machache, na fundi aliyarudia nyumbani mpaka mkewe akayakariri: "Shukuru Mungu wako. Leo ningemzika mama yangu, halafu ningekuzika wewe mahakamani." Fundi akataka kusema habari ya kibao. Badala yake akaenda kuita watu wa kuliinua geti. Alichomelea kizuizi siku ile ile.

Alikuwa na mpwa wake, binti wa dada yake, mwanasheria. Ofisi yake ni chumba kimoja juu ya duka la dawa, feni inazunguka huku inalia. Fundi alikwenda kwake, akakaa ukingoni mwa kiti kama mtu aliyekuja kukopa. Mpwa mwenyewe ndiye aliyenisimulia.

"Mjomba, wewe na wateja wako mnaandikiana mkataba?"

"Tunashikana mikono."

"Una orodha yao?"

"Ninazo sura zao."

"Na bima?"

"Bima ya nini? Kwani mimi nina gari?"

"Biashara umeisajili kama kampuni?"

"Kampuni ya nani? Biashara ni mimi."

Mpwa akavua miwani yake, akaiweka mezani. "Hapo ndipo penye tatizo, mjomba. Biashara ni wewe, na nyumba ni yako. Hakuna ukuta kati ya hivyo viwili. Mtu akiumia kwa geti lako, akadai akashinda, dai haliishii karakana. Litaingia mpaka sebuleni kwa mkeo."

"Na kibao je?"

"Kibao kinasema unachotaka wewe. Mtu akiumia, hakimu hatauliza kibao chako kimesema nini. Atauliza kama ulijua hatari ipo." Akamwinamia mjomba wake. "Ulijua?"

Fundi aliinua macho. Alitazama feni. Mpwa alisema alimtazama mjomba wake akizeeka pale pale kwenye kiti.

Kuanzia hapo, wasikilizaji wapendwa, mtu yule hakupata raha tena. Alikaa roho juu. Akisikia kishindo chochote, mlango wa duka ukishushwa, pipa likianguka, anaruka. Akisikia mtoto analia barabarani, anatoka nje kuangalia. Simu yake ikiita namba asiyoijua, anaitazama mpaka inakata. Mkewe anasema: "Chakula anakigusa tu. Namuuliza, baba watoto, una nini? Ananiambia, nahesabu. Unahesabu nini? Nahesabu nilipopita."

Maana hapo ndipo palipokuwa na mtihani. Alikuwa ametengeneza mageti kwa miaka mingi, kwa kushikana mikono, bila kuandika mahali. Yapi alirudi? Yapi hakurudi? Akikumbuka nyumba, anasahau mtaa. Akikumbuka mtaa, nyumba imeshauzwa, imepakwa rangi nyingine.

Mpwa alimshauri kama mwanasheria mzuri anavyotakiwa kushauri. Alimwambia: zunguka, rekebisha kimya kimya, usijieleze. Sema ni matengenezo ya bure. Usitamke kwa kinywa chako kwamba uliacha kasoro, maana maneno hayo ndiyo yatakayosomwa mbele ya hakimu.

Basi akaanza kuzunguka, asubuhi, na mashine yake kwenye mkokoteni. Na hapa naomba mnisamehe nikicheka, hata mjane alicheka. Fundi aliyejulikana kwa kutorudi, leo anabisha hodi bila kuitwa, na anasema ni bure! Nani atamwamini? Mlinzi mmoja alimwambia: "Mzee, nimeona mengi duniani, lakini fundi wa bure sijamwona. Pita hivi." Kwingine mama mmoja alimwona amechuchumaa anapapasa mwisho wa reli, akawaita majirani: mwizi anapima geti! Akapelekwa kituo cha polisi, akakalishwa kwenye benchi mpaka mkewe alipokwenda kumdhamini. Mkewe akauliza, kosa lake nini? Askari akakuna kichwa. "Mama, hata sisi tunatafuta."

Walicheka njiani kurudi nyumbani. Walipofika mlangoni fundi akaacha kucheka. Akasema: "Mke wangu, siwezi kuyafikia yote. Siku moja utasikia kishindo, na hakitakuwa kiti."

Yaliniumiza sana maneno hayo, kwa sababu ninajua alichokifanya baadaye. Alikuja hapa redioni. Dada wa mapokezi anamkumbuka. Mzee wa makamo, kofia mkononi, akasema anataka kutoa tangazo. Aliulizwa tangazo la nini. Akasema la mageti. Akaambiwa asubiri. Alikaa kidogo, kisha akainuka, akasema atarudi. Alipokuwa anatoka alisimama kwenye geti letu, akainama akaangalia mwisho wa reli, akatikisa kichwa kwa kuridhika, akaenda zake. Geti letu hata si kazi yake.

Hakurudi kwa sababu ya hofu, na hofu yake ilikuwa na miguu miwili. Mguu mmoja ni mtoto wa watu chini ya chuma. Mguu wa pili ni mkewe na bintiye barabarani, na magodoro yao. Akisema, anaweza kupoteza nyumba. Asiposema, mtu anaweza kupoteza mtoto. Ungekuwa wewe ungefanyaje? Usinijibu haraka.

Moyo ndio uliomwangusha. Alianguka karakana, mchana kweupe, akiwa anakata vyuma vya vizuizi, kipande kimoja baada ya kingine, vya mageti ambayo hakujua yako wapi. Wakamkimbiza hospitali. Mkewe alikaa naye saa ya kutazama wagonjwa. Wodi ilikuwa na kile kitanda cha magurudumu kinachopitishwa ukumbini, na kila kilipopita, magurudumu yakikwaruza sakafu, fundi alishtuka akataka kuinuka.

"Lala, baba watoto. Ni kitanda tu."

"Lile la shule," akasema. "Lile la shule sikurudi."

"Shule ipi?"

"Ya watoto wadogo."

"Ipi, mume wangu? Iko wapi?"

Alifumba macho akitafuta. Akasema: "Ile yenye picha ukutani."

Wasikilizaji wapendwa, shule zote za watoto wadogo zina picha ukutani. Simba anayecheka, herufi, maua. Mkewe akamuuliza tena, na tena. Alimshika mkono. Jua halijatua, fundi akawa amekwenda na jibu lake.

Baada ya maziko, mjane na binti yake hawakukaa. Watu walishangaa, hata matanga hayajaisha wanatoka na mkokoteni? Walikwenda shule moja, walimu wakawapokea vizuri, jani lipo, kizuizi kipo. Shule nyingine, mwalimu mkuu hakuwafungulia, akasema waje na barua. Shule nyingine tena, jani lipo, mwisho wa reli mtupu. Binti aliwasha mashine pale pale, akachomelea, ndani watoto wanaimba wimbo wa kuhesabu vidole. Alimaliza, akalisukuma geti, likagonga, likasimama. Mama akakaa chini kwenye vumbi, akafunika uso.

Nikamuuliza: "Je, mama, si ndilo hilo? Si mmelipata?"

Akanitazama. "Labda ndilo. Labda silo. Mwanangu, mimi sasa siipiti shule yoyote bila kusimama. Nikisikia watoto wanacheka, naomba wasicheke wakiwa getini."

Ni baada ya geti lile ndipo alipokata shauri la kuja hapa. Yule mpwa mwanasheria alikuja naye. Nataka mjue kwamba mpwa huyu hakumsaliti mtu. Alikaa hapa mbele yangu, akamwambia mjane kwa upole: "Mama, mjomba amekufa, lakini mali aliyoiacha haijafa. Ukisema hewani kwamba alijua, mtu aliyeumia anaweza kuidai nyumba hiyo. Nakwambia hili mara ya mwisho ili baadaye usiseme sikukwambia."

Mjane akauliza: "Na nikinyamaza, nyumba itabaki?"

"Pengine itabaki."

"Nami nitalala ndani yake?"

Mjane akaendelea: "Nyumba nitapanga nyingine. Nitauza mboga, nitafua nguo za watu. Mtoto wa mwenzangu nitampata wapi?" Akanigeukia. "Washa hiyo mashine yako, mwanangu, kabla sijaogopa tena."

Hakuacha kuogopa, wasikilizaji wapendwa. Mpwa alivuta kiti, akakaa karibu yake, akamshika mkono mpaka tulipomaliza kurekodi.

Haya, na mimi nayasema kwa niaba yao, pole pole. Geti la kusukuma. Juu ya mpini, jani moja dogo la chuma. Ukiliona jani hilo, nenda mwisho wa reli ukaangalie. Kama kuna kipande cha chuma kimechomelewa, mshukuru fundi, alirudi. Kama hakuna, usilisukume. Lifunge, weka jiwe kubwa kwenye reli, watoto wakae mbali. Kisha piga simu hapa mapokezi, wana namba ya binti yake. Atakuja mwenyewe. Vile vizuizi alivyovikata baba yake siku ya mwisho viko kwenye ndoo, vinasubiri.

Na wewe mwenye kibanda chako, mwenye saluni, mwenye mashine ya kusaga, mwenye karakana: usiposikia neno lingine leo, sikia hili. Waandikie wateja wako mkataba. Waulize wanaojua sheria mapema, ukiwa bado unacheka, si siku kiti kimeshakuwa bapa. Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta. Na ulichokiacha nusu, kesho asubuhi kirudie. Kile kibao cha Fundi Nitarudi binti yake amekishusha. Pale juu ya mlango rangi ni mpya kuliko ukuta wote.

Kwa mjane, kwa binti, kwa mpwa, kwa ndugu na majirani wa nyuma ya kituo cha mafuta, sisi sote hapa tunawapa pole. Tunajua mlichokiweka rehani ili maneno haya yatoke. Mungu awape subira, na ampumzishe fundi wetu mahali ambapo hakuna vishindo.

Wasikilizaji wapendwa, kwa kawaida tukifika hapa tunapiga muziki. Leo hatupigi. Tutanyamaza kidogo, ili upate nafasi ya kutoka nje ukaangalie geti lako, na la jirani, na la ile shule unayoipita kila siku. Fundi Nitarudi safari hii hatarudi. Umebaki wewe.

Nenda. Tunakusubiri.